Safari fupi kutoka Dodoma: anza na kiti cha kurudi

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tulizungumza habari za Dar es Salaam na makao makuu, na jinsi treni ya umeme ilivyoifanya miji hiyo miwili kuwa majirani. Leo tumtazame msafiri wa aina nyingine. Huyu ameletwa Dodoma na kikao, semina au shauri lake lililokwama wizarani. Ijumaa mchana kazi imekwisha, na Jumatatu asubuhi anatakiwa tena Mtumba kutia saini. Zabibu ameshanunua, jengo la Bunge ameshapigia picha, na hana hamu ya kushinda hotelini akitazama mpira. Treni inaweza kumpeleka wapi na kumrudisha bila kumchosha?

Kwa maoni yangu ni Morogoro. Magharibi ya Dodoma ni nchi ya reli ya zamani, na treni ya Kigoma haikutengenezwa kwa mtu mwenye siku mbili mkononi. Dar es Salaam inafikika, lakini anayekwenda Dar hajaenda kupumzika. Ameondoka kwenye foleni za ofisi na kuingia kwenye foleni za magari. Morogoro iko katikati, mwendo wa saa mbili hivi au pungufu kwa treni, na hewa yake, milima yake na hata mazungumzo ya watu wake ni tofauti kabisa na ya Dodoma.

Wengi hukosea katika kupanga. Mtu hufungua mfumo wa tiketi, akatafuta treni ya kwenda, akalipa, kisha ndipo akaanza kuwaza atarudije. Inafaa kuanzia mwisho. Treni inayokurudisha Dodoma haianzii Morogoro. Inatoka Dar es Salaam ikiwa na abiria wake. Kiti kilichouzwa kwa anayetoka Dar kwenda Dodoma moja kwa moja hakiwezi kuwa chako pale Morogoro. Ndiyo maana Jumapili jioni mfumo unaweza kukuambia nafasi zimejaa, nawe ukabaki kushangaa watu wa Morogoro wanahamia Dodoma kufanya nini. Hawahami. Viti vimeshikwa na watumishi ambao familia zao zimebaki Dar: Ijumaa huteremka nyumbani, na Jumapili au alfajiri ya Jumatatu hupanda kurudi kazini.

Wewe unasafiri katika njia yao ileile, kwa hiyo dawa ni kukwepa saa zao. Ondoka Dodoma Jumamosi asubuhi badala ya Ijumaa jioni, na urudi Jumapili kabla ya jioni. Kata kwanza tiketi ya kurudi. Ukishaipata, ya kwenda haitakusumbua sana. Ratiba hubadilika, basi itazame siku unayokata, usitegemee ile ambayo rafiki alikutumia kwenye simu miezi iliyopita. Nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa treni ya kawaida zilikuwa shilingi 13,000 kati ya Dar na Morogoro, na 31,000 kati ya Dar na Dodoma. Toa ya kwanza kwenye ya pili na utapata makadirio ya kipande chako. Treni ya haraka ina bei kubwa zaidi na haisimami kila mahali, kwa hiyo soma vituo vyake kabla ya kulipa. Kitambulisho ni lazima. Na fika stesheni mapema: kuna ukaguzi wa mizigo, na treni hii haina tabia ya basi la Kibaigwa la kumsubiri aliyeenda kununua maji.

Sasa njia yenyewe, ambayo kwangu ndiyo nusu ya safari. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Morogoro ni kama mita 500. Maana yake unateremka, na nchi inabadilika dirishani. Mwanzo ni Ugogo: mibuyu, udongo mwekundu, ng'ombe, mito ya mchanga isiyo na maji sehemu kubwa ya mwaka. Unapita Igandu na Gulwe, stesheni ya watu wa Mpwapwa. Kisha vilima vinasogeleana, na reli inaingia kwenye bonde la Mkondoa.

Bonde hili halikuchaguliwa na wahandisi wa leo. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita humu, kwa sababu mto ulikuwa umeshachonga mlango katika ukuta wa milima. Wajerumani nao wakaufuata. Reli yao ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa kupanda mlima mkali, basi mjenzi hutafuta mteremko mpole, na mteremko mpole kuliko yote ni ule uliotengenezwa na maji. Ubaya wake ni kwamba maji hayo huja kudai njia yao. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliikata reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za abiria za reli ya kati zikasimama kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza, na fundi yeyote wa zamani wa reli atakuhesabia madaraja yaliyokwenda na maji kama mtu anavyohesabu watoto wa ndugu zake.

Reli mpya inapita bonde hilohilo, ila imekataa kuwa mtumwa wa mto. Imeinuliwa juu ya matuta na madaraja, na kati ya Kidete na Kilosa inatoboa milima kwa mahandaki manne. Upana wake ni milimita 1,435, ilhali ile ya zamani ni milimita 1,000, na treni zake zinaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Ukiwa dirishani utaona kwa vipindi reli ya Mjerumani ikijipinda chini pembeni ya maji. Ndiyo sababu nashauri angalau upande mmoja wa safari uwe mchana. Anayepita hapa usiku amepanda basi lenye taa nzuri tu.

Baada ya Kilosa ardhi inalala: mashamba, kisha tambarare ya Mkata. Ukikaribia Morogoro tazama upande wa kulia, Uluguru utaiona kabla ya mji, mara nyingi ikiwa na wingu kichwani. Maji ya Mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam inayanywa, sehemu kubwa yanatoka huko.

Stesheni iko Kihonda, nje ya kitovu cha mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji au daladala. Hapa tena nina neno kwa mpangaji: wenye saa chache huandika orodha ndefu, wakaishia kuona barabara tu. Chagua upande mmoja. Anayerudi siku hiyohiyo abaki upande wa Mazimbu. Shamba la zamani la mkonge lilitolewa na serikali kwa chama cha ANC, na kuanzia 1978 pakawa na shule ya vijana waliokimbia utawala wa makaburu, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Mwaka 1992 ANC waliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wapigania uhuru yako palepale. Nashangaa ni Watanzania wangapi wamepita Morogoro maisha yao yote bila kufika.

Chuo hichohicho ni mwenyeji wa APOPO, shirika linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya Magawa, aliyefunzwa hapa akapelekwa Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020. Mazoezi ya panya hufanyika asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, hivyo panga kwa miadi, tena kama umelala mjini.

Na ukilala, mlima ni wako. Njia ya Morningside inapanda kutoka mjini hadi kwenye nyumba ya enzi ya Mjerumani, saa mbili hivi kwa mtu asiye na haraka, huku ukipishana na akina mama wa Kiluguru wakiteremsha ndizi na mboga kichwani. Anza alfajiri, vaa viatu vyenye meno, na chukua koti la mvua hata kama Dodoma uliiacha kavu. Uluguru haifuati kalenda ya Ugogo yenye msimu mmoja wa mvua. Ukishuka, pita Soko Kuu la Chifu Kingalu uone mboga zilezile zimefika bei gani.

Jioni yake mjini hutakosa muziki. Huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wenyeji huuita mji kasoro bahari, na kwa mtu aliyetoka Dodoma hata hiyo bahari haitamkosesha raha. Ila usilewe ukasahau kwamba Kihonda si jirani na baa: kwa treni ya mchana, toka hotelini saa mbili kabla.

Wiki ijayo: Kilosa, na kwa nini aliye na siku tatu ashukie huko badala ya Morogoro.