Mradi Ukiondoka, Haki Ibaki

Akina mama wa Mkata na vijiji vinavyotuzunguka wanalijua vizuri neno "mradi". Tupo kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mahali inapochepuka njia ya Handeni mjini, kwa hiyo wageni hawakosekani. Huja gari lenye nembo mlangoni, karatasi kubwa hubandikwa ukutani, na wanawake huitwa kusikiliza habari za haki, uchaguzi, mirathi na ardhi. Watu huandika majina, hunywa chai, hupokea nauli. Baada ya miezi kadhaa gari halionekani tena. Ndipo mmoja husema, "Wametumia majina yetu kula fedha za wafadhili." Mwingine humjibu, "Mimi walinisaidia."

Nani mkweli? Swali hili latuhusu sisi hasa, kwa maana katika maandiko ya miradi hiyo sisi wanawake wa vijijini ndio tunaotajwa kuwa walengwa.

RUZUKU NI NINI?

Ruzuku si mkopo, wala si zawadi ya kutumia upendavyo. Ni fedha inayotolewa kwa kazi iliyotajwa, kwa muda uliotajwa, na aliyeipokea hutakiwa kuonyesha hesabu. Fedha za kukuza demokrasia na haki za binadamu hutoka sehemu nyingi. Umoja wa Mataifa ulianzisha Mfuko wa Demokrasia mwaka 2005, nao umekuwa ukiyapa mashirika ya wananchi ruzuku ya miradi ya miaka miwili hivi. Umoja wa Ulaya nao una fungu lake la haki za binadamu.

Hapa Tanzania, shirika la Foundation for Civil Society lilisajiliwa mwaka 2002 na kuanza kazi mwaka 2003. Hilo hupokea fedha kutoka kwa mataifa rafiki, kisha huzigawa kwa mashirika ya nchini, hata yale madogo ya wilayani ambayo yasingeweza kuandika maombi hadi Ulaya. Mwaka 2011 likaanzishwa Legal Services Facility, kwa fedha za Denmark hapo mwanzo, ili kuwawezesha wasaidizi wa kisheria wawepo katika kila wilaya.

SHERIA ILIKUWEPO, NANI AILETE?

Wengi hudhani haki ya mwanamke kumiliki ardhi ililetwa na semina. Sivyo. Tumkumbuke Holaria Pastory wa mkoani Kagera. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza. Bernardo Ephrahim, ndugu yake wa ukoo, akaenda mahakamani kupinga, akisema kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilikubaliana naye. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Holaria akashinda.

Miaka tisa baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Tena, kwa wale wanaosema huu ni ugeni wa Wazungu, wasome Hesabu sura ya 27 habari za mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, nao wakapewa. Na hapa Uziguani wazee wanajua kwamba zamani ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama.

Basi sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuileta hadi kwa mama anayelima mahindi na machungwa, ambaye hajawahi kuishika karatasi yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo ruzuku ililipia: kuchapa vijitabu vya Kiswahili rahisi, kuwafundisha wanakijiji, na kuwalipia nauli wasaidizi wa kisheria.

Sisi wauguzi tunamjua mama anayehitaji msaada huo. Huja kituoni kichwa kinamwuma, halali usiku, shinikizo la damu limepanda. Ukimkalisha na kumwuliza kwa upole, unakuta mume amefariki, arobaini haijaisha, na shemeji ameshaanza kupima shamba kwa hatua. Vidonge vitashusha shinikizo. Shamba havirudishi. Mama huyo anahitaji mtu wa kumwambia, "Usiweke dole gumba kwenye karatasi hiyo. Twende tukafungue mirathi." Msaidizi wa kisheria si wakili, lakini anaweza kumweleza haki yake, kumwandikia barua na kumwonyesha mlango wa kuingilia. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, imemtambua rasmi.

Kwa hiyo yule aliyesema "walinisaidia" hakudanganya.

BOMBA LIKIFUNGWA

Lakini fedha ya mfadhili ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili nia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Duniani kote mashirika yaliyotegemea mfuko huo yalipunguza watumishi, mengine yakasimamisha kazi kabisa. Hakuna mjane aliyeulizwa kwanza kama kesi yake imekwisha.

Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Ruzuku ni kama dripu. Humwokoa mgonjwa asiyeweza kula, na hakuna muuguzi mwenye akili atakayeing'oa kwa sababu eti si chakula. Lakini wakati dripu inapotiririka, mgonjwa hana budi kuanza kunywa uji. Mradi wa haki unaokaa kijijini miaka miwili na kuondoka bila kuacha mtu anayejua la kufanya, huo umetumia fedha tu.

MALI BILA DAFTARI

Na je, yule mwingine aliyelalamika kwamba majina yetu yametumiwa? Naye tumsikilize. Orodha ya mahudhurio yenye sahihi yako ni hati ya fedha. Ndiyo inayopelekwa kwa mfadhili kuonyesha kwamba watu walifundishwa na nauli ikalipwa. Kwa hiyo usitie sahihi mahali palipo wazi, wala usiandike jina la jirani asiyekuja. Soma kiasi kilichoandikwa kabla ya kupokea.

Kuuliza si utovu wa adabu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kuwaeleza wananchi na walengwa fedha imetoka wapi na imetumikaje. Mama anaweza kuuliza kwa heshima maswali manne: Mradi huu ni wa muda gani? Fedha kiasi gani ni ya kijiji chetu? Nani hapa kijijini anafundishwa ili abaki na kazi hii? Mtarudi lini kutusomea matokeo? Shirika safi litafurahi kujibu. Mali bila daftari huisha bila habari, na hilo halibagui mali ya kanisa, ya kijiji wala ya mfadhili.

YALIYO MIKONONI MWETU

Kuna mambo ambayo hayangoji ruzuku. Haya ni machache, na kila kikundi cha wanawake, kiwe cha kanisani, msikitini au cha kuweka na kukopa, kinaweza kuyaanza.

1. Tujaze nafasi zetu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake. Wajumbe hao huthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Tuwapeleke wanawake wanaoweza kusema, si wa kujaza viti.

2. Tuijue njia. Mgogoro wa shamba huanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama asiyejua hili huzungushwa mpaka nauli inamwishia.

3. Tuandike majina mawili. Shamba la mume na mke likipimwa kwa ajili ya hati ya hakimiliki ya kimila, majina ya wote wawili yaandikwe. Mlizungumze nyumbani mapema, kwa upendo, wakati hakuna ugonjwa wala msiba. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vitunzwe mahali mnapopajua nyote.

4. Tuwe na mfuko mdogo wa haki. Kikundi kinachochangia msiba kinaweza pia kutenga shilingi kidogo kila mwezi kwa nauli ya mwenzao anayekwenda barazani Handeni au Korogwe, na mmoja wa kumsindikiza. Shahidi aliyekosa nauli ameshindwa kesi ya mwenzake.

5. Tukitaka ruzuku, tuiombe wenyewe. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti benki na watia sahihi zaidi ya mmoja. Andiko lieleze tatizo lenyewe, nani atafaidika, kazi zitakazofanyika, gharama zake, na mtajuaje kwamba mmefanikiwa. Kikundi chenye daftari safi la miaka miwili huaminiwa kuliko chenye maneno mazuri.

Zaidi ya yote, tusisahau mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano huo kuidhinisha. Demokrasia ambayo mataifa makubwa hutumia mamilioni kuifundisha, kwetu inakaa pale chini ya mti, na mara nyingi wanaohudhuria ni wanaume peke yao, sisi tukiwa shambani au jikoni.

Mkutano ule hauna posho wala soda. Mama, tangazo la mkutano ujao likitolewa, mwachie binti mkubwa sufuria, mpitie jirani yako, mwende pamoja.