Mke na Mume Waimbao Pamoja

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe iko desturi moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote, nayo hushikwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Binti akiwa na sauti nzuri huimba kwaya, husimama mstari wa mbele, na watu humsifu sikukuu hata sikukuu. Siku akiolewa, hunyamaza. Mahali pake mstarini hubaki wazi, au hujazwa na mdogo wake, naye hungoja siku yake ya kunyamaza. Ukiuliza sababu utaambiwa, "Sasa ni mke wa mtu."

Namjua bwana mmoja wa upande wa Handeni, mpiga gitaa hodari, aliyemwoa mwimbaji wa kwaya. Mwenyewe aliniambia kwamba sauti ya yule binti ndiyo iliyomvuta. Lakini baada ya harusi hakumpa ruhusa kuimba tena mbele ya watu, ila nyumbani tu, anapotwanga. Nilimwuliza, "Ndugu, mtu akivutwa na chemchemi kwa ajili ya maji yake, akiisha kuipata huifukia?" Alicheka, kisha akatazama chini, maana sisi wa Handeni twajua thamani ya maji.

Basi, wasomaji wapenzi, leo napenda kuwapa habari za nyumba mbili za Afrika, moja ya Nairobi na moja ya Bamako, ambamo mume na mke wote wawili ni waimbaji. Siwasifu kana kwamba ni malaika. Nataka tuzitazame nyumba hizo, kisha tuitazame desturi yetu, tuone kama ina haki.

Nyumba ya kwanza ni ya majirani zetu wa Kenya. Mume ni Bwana David Mathenge, ambaye wapenda muziki humwita Nameless, yaani "asiye na jina". Mke ni Bibi Rosemary Wahu Kagwi, ambaye huitwa Wahu tu. Wote wawili walisoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi: yeye bwana alijifunza kazi ya kuchora ramani za majengo, na bibi alijifunza hesabu pamoja na elimu ya mawasiliano. Ni vema vijana wetu wasikie jambo hili, maana wako wadhanio kwamba muziki ni kazi ya mtu aliyeshindwa na vitabu.

Mwaka 1999 kituo kimoja cha redio cha Nairobi kilifanya mashindano ya waimbaji wapya, na Bwana Mathenge akashinda kwa wimbo wake Megarider, ambao jina lake lilitokana na tiketi ya basi. Tangu hapo akawa miongoni mwa waliojenga muziki wa kizazi kipya wa Kenya. Bibi Wahu naye akaanza kutoa nyimbo zake kwa jina lake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na nyimbo zake na wasikilizaji wake. Mwaka 2005 wakafunga ndoa.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo. Kwa desturi yetu habari za Bibi Wahu zingekwisha mwaka huo. Tungesema, "Alikuwa mwimbaji," kama tusemavyo habari za marehemu. Lakini sivyo ilivyokuwa. Alizaa mtoto wa kike, akaendelea kuimba, na furaha ya mtoto huyo akaitia katika wimbo wake uitwao Sweet Love. Mwezi wa Novemba mwaka 2008, katika mji wa Abuja nchini Nigeria, zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo za muziki wa Afrika za MTV, na aliyechaguliwa kuwa mwimbaji bora wa kike alikuwa ni Wahu. Hesabuni wenyewe: ilikuwa miaka 3 baada ya harusi. Heshima hiyo, iliyo kubwa kuliko zote alizokuwa amepata, aliipata akiwa ni mke wa mtu, tena mama wa mtoto. Wala mumewe hakupungukiwa na kitu. Aliendelea kuimba na kupendwa kama kwanza.

Mwaka 2017 Bibi Wahu alitangaza kwamba ataimba nyimbo za Injili, akafanya hivyo. Baadaye wakaanza kutoa nyimbo pamoja, mume na mke, kwa jina la The M'z, kutokana na herufi ya kwanza ya jina la Mathenge. Nyimbo zao za pamoja ni za mapenzi ya watu waliokwisha kuishi nyumba moja miaka mingi, si ya wachumba wanaochunguliana dirishani. Nao hawakudai kwamba ndoa yao haikupata shida. Wamesema hadharani kwamba walipita katika siku ngumu, ikawabidi kuketi na kusemezana upya. Neno hili laniongezea imani kwao. Nyumba isemwayo kwamba haina moshi, huenda haipikwi kitu.

Nyumba ya pili iko mbali, Bamako, mji mkuu wa Mali. Bwana Amadou Bagayoko alipoteza nuru ya macho akiwa kijana wa miaka 16. Bibi Mariam Doumbia aliipoteza akiwa mtoto wa miaka 5. Walikutana katika miaka ya 1970 katika chuo cha vijana vipofu cha Bamako, wakapiga muziki katika bendi ya chuo iliyoitwa Eclipse, maana yake kupatwa kwa jua. Mwaka 1980 wakaoana. Mwaka 1986 wakahamia Abidjan, katika Côte d'Ivoire, kutafuta mahali pa kurekodi, na huko wakatoa kaseti, yeye bwana kwa gitaa na wote wawili kwa sauti. Baadaye wakafika Ufaransa. Sahani yao ya mwaka 1998 waliipa jina la Kibambara, Sou ni tilé, yaani "usiku na mchana".

Sahani iliyowafikisha kwa watu wengi zaidi ilitoka mwaka 2004, nayo yaitwa Dimanche à Bamako, yaani "Jumapili mjini Bamako". Ndani yake mna wimbo unaosimulia harusi za Jumapili katika mji wao, ndugu wakikusanyika na ngoma zikilia. Mtu wa Korogwe akisimuliwa habari za wimbo ule hahitaji kufasiriwa sana, maana harusi zetu nazo zina ngoma na vigelegele vile vile. Mwaka 2005 sahani hiyo ikapata tuzo ya Victoires de la Musique, ambayo ni heshima kubwa ya muziki huko Ufaransa.

Matamasha yao yalikuwa na jambo la ajabu. Mwaka 2011 mjini London walifanya tamasha walilolipa jina lile lile la bendi yao ya chuoni, Eclipse. Watu waliingia ukumbini, wakaketi, taa zote zikazimwa, pakawa giza tupu. Humo gizani walisimuliwa maisha ya mume na mke hao tangu Bamako, huku wakisikia gitaa na sauti zao. Mwenye macho hakuwa na faida kuliko kipofu. Fikirini jambo hilo: katika matamasha mengi watu huenda kutazama mavazi, michezo na taa za rangi, na muziki huwa kama mchuzi tu wa kutelezeshea tonge. Hapa vyote viliondolewa. Kilichobaki ni mwanamume na mwanamke, mmoja akianza na mwingine akiitikia. Wazee wetu walioicheza selo ya Wazigua au mdumange ya Wasambaa wajua utamu wa kuitikiwa. Anayeanza wimbo huwa na nguvu kwa sababu amwamini anayepokea.

Bwana Amadou alifariki dunia mjini Bamako tarehe 4 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 70. Walikuwa wameishi katika ndoa karibu miaka 45, wakaimba pamoja muda wote huo. Mwana wao Sam naye ni mwanamuziki, wa kundi liitwalo SMOD.

Sasa turudi kwetu. Najua yatakayosemwa, maana nimeyasikia katika mabaraza mengi.

Wa kwanza atasema, "Hao ni watu wa mijini, wenye fedha." Lakini Amadou na Mariam walioana wakiwa vipofu wawili katika nchi maskini, na kaseti zao za kwanza hazikurekodiwa katika majumba ya fahari. Kilichowafikisha ni subira na mazoezi ya kila siku, navyo haviuzwi dukani, si Nairobi wala Korogwe.

Wa pili atasema, "Mke akisimama mbele za watu atatamaniwa." Bwana, na huyo mkeo anapokwenda sokoni Jumamosi, hutembea chini ya ardhi? Wivu hauponi kwa kufunga mlango. Ukimfungia mke sauti yake, wivu hutafuta jambo jingine: utamwonea wivu kwa sababu ya kisima, ya kliniki, na ya simu aliyopigiwa na ndugu yake. Dawa ya wivu ni kuaminiana, na kuaminiana huzoezwa kwa kutenda kazi pamoja. Mume aliyesimama jukwaani upande mmoja na mkewe, akimpigia gitaa, ameona kwa macho yake yote yanayotendeka.

Wa tatu, ambaye mara nyingi hasemi, moyoni ana hofu nyingine: "Je, akisifiwa kuliko mimi?" Hili ndilo jiwe lililo chini ya maji. Bwana Mathenge alikuwa amekwisha kuwa na jina kubwa kabla ya mwaka 2008, naye akaona mkewe akiitwa bora wa Afrika. Sifa ya mkewe haikumpunguzia yeye hata shilingi moja. Mtungi wa nyumba moja, hata ukijazwa na nani, maji hunywewa na wote.

Yako pia ya kuwaambia akina mama na walimu wa kwaya. Mazoezi yetu mara nyingi hufanywa jioni, saa ya kupika na kuogesha watoto, kisha twashangaa kwamba wenye ndoa hawafiki. Yafaa saa ibadilishwe, na mtoto mchanga asifukuzwe mazoezini kwa sababu ya kulia. Iwapo mume na mke wote wana sauti, waitwe wote wawili, wapewe wimbo wa kuitikiana, mkutano uwaone. Na penye posho ya safari, mume na mke wahesabiane waziwazi, maana fedha iliyofichwa imevunja nyumba nyingi kuliko nyimbo.

Nanyi wazazi mnaooza mabinti, yafaa jambo hili liulizwe mapema, siku wachumba wanapokuja na posa, kama yaulizwavyo mambo ya mahari: "Binti yetu huimba. Je, kwako ataimba?" Kijana ajibu mbele ya mashahidi. Ni afadhali neno gumu kabla ya harusi kuliko kimya kirefu baada yake.

Yule bwana mpiga gitaa niliyemtaja yungali hai, na mkewe pia. Gitaa lake lina nyuzi zote, nayo sauti ya mkewe bado ni njema, kama wanavyoshuhudia majirani wanaomsikia akitwanga. Hawajachelewa. Wala wengine walio kama wao katika vijiji vyetu hawajachelewa.