Punguza sherehe, usipunguze mahari

Bibi harusi wa Garissa akisema anataka harusi ndogo, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kupunguza mahari. Wazee watamwambia hivyo, shehe atamkumbusha kwamba ndoa yenye baraka ni ile iliyo nyepesi, na vijana wanaolalamika kuwa kuoa kumekuwa ghali wataitikia. Ushauri huo una nia njema, lakini umeshika mahali pasipo pake. Fedha zinazowalemea Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera wakati wa harusi haziishii kwenye meher, yaani mahari ambayo ni haki ya mwanamke mwenyewe. Mara nyingi meher hutajwa tu mbele ya mashahidi siku ya nikahi, kisha ikabaki ahadi isiyodaiwa mpaka mume afariki au talaka itoke. Fedha huishia kwenye ukumbi wa hoteli, magari ya kukodi, dirac mpya (lile gauni jepesi la sherehe) kwa kila usiku, wapiga picha, jukwaa la maharusi, na pilau inayobaki sahanini. Kwa hiyo bibi harusi anayetafuta wepesi na aanzie huko. Apunguze sherehe, aiache mahari isimame, tena aiandikishe.

Harusi ya Kisomali ya zamani haikuwa ndogo, na hakuna faida ya kujidanganya kwamba mababu walioana kwa tende tatu na maji. Ukoo wa mume ulipeleka yarad kwa ukoo wa mke, aghalabu ngamia, na posa yenyewe ilifungwa kwa zawadi iitwayo gabbaati. Hata hivyo upande wa mke nao ulikuwa na deni lake. Kulikuwa na dibaad, mifugo na vyombo ambavyo jamaa wa mke waliwapa maharusi waanzie maisha, na kilichotukuka kuliko vyote kilikuwa aqal, ile nyumba ya mikeka na fito zilizopindwa inayobebwa na ngamia. Mama, shangazi na dada za bibi harusi waliisuka mikeka yake kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe, na nyumba ilikuwa mali ya mke. I. M. Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyechapisha mwaka 1962 utafiti wake juu ya ndoa na familia kwa Wasomali wa kaskazini, aliueleza mzunguko huu kwa urefu, na wazee wa kaunti zetu bado wanaukumbuka. Walitumia vingi. Lakini wageni walipokwisha kuondoka, vile vilivyotumika vilikuwa bado vipo: vimesimama kama nyumba, vinalisha malishoni, vinakamuliwa asubuhi. Hapo ndipo tulipoachana na wazee wetu, wala si katika ukubwa wa gharama.

Familia iliyohamia mitaa ya Garissa kama Bulla Iftin au Bulla Punda haina haja ya ngamia wa kuhamisha nyumba. Aqal imekuwa chumba cha kupanga, fito zimekuwa kitanda, makochi na mazulia yanayotakiwa kwa bwana harusi, na dibaad imefifia. Nafasi iliyobaki wazi imejazwa na sherehe. Jamaa walioko Eastleigh, Minneapolis, London au Dubai hutuma pesa za harusi, na pamoja na pesa huja video za harusi za huko, ambazo msichana wa Garissa na mama yake huzitazama kwenye simu na kuzifanya kipimo. Haya yametukia wakati ambapo mifugo, ambayo ndiyo benki ya watu wengi hapa, imepata pigo kubwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua, na katika kaunti kame za Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Mwaka 2023 ulipofika, waliobakiwa na kitu walikuwa wanajenga upya kundi kutoka kwa majike wachache. Katika hali hiyo mbuzi anayechinjwa kwa ajili ya usiku wa pili wa sherehe ni mbuzi ambaye angezaa. Waswahili walikwisha kusema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kuna waliojaribu kulitatua jambo hili kwa amri. Mwaka 2019 uongozi wa Beled Hawo, mji wa Somalia unaotazamana na Mandera mpakani, ulitangaza masharti ya harusi baada ya kuona vijana wanashindwa kuoa. Sherehe za hotelini zilipigwa marufuku, mbuzi wa kuchinjwa wasizidi watatu, na vyombo vya nyumba visizidi dola 600 za Marekani, kama shilingi 60,000 za Kenya kwa wakati ule. Mahari nayo ikawekewa ukomo. Masharti yale ya mwanzo nayaunga mkono kwa moyo mmoja, hata kama ningependa familia ziyafikie zenyewe bila kulazimishwa na ofisi ya wilaya. Hili la mahari ndilo lenye kasoro. Limechanganya kile kinacholiwa na wageni na kile kinachobaki mkononi mwa mwanamke, likavikata vyote kwa kisu kimoja.

Dini, ambayo ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka mahari ipungue, haiwaungi mkono moja kwa moja kama wanavyodhani. Ni kweli Mtume alimruhusu mtu maskini atafute hata pete ya chuma awe na cha kumpa mke, na ni kweli karamu yake alipomwoa Safiyya ilikuwa ya tende, samli na jibini kavu, bila nyama. Alimwambia Abdur-Rahman bin Auf afanye walima, yaani karamu ya harusi, hata kwa kondoo mmoja. Tukizitazama habari hizi kwa makini tunaona kwamba karamu ndiyo iliyoteremshwa hadi kiwango ambacho kila mtu anakimudu, na pete ya chuma ilikuwa rukhsa ya asiye na kitu. Aya ya 4 ya Sura An-Nisaa inaamuru wanawake wapewe mahari yao, na kusamehe sehemu yake ni hiari ya mwanamke mwenyewe. Aya ya 20 ya sura hiyohiyo inataja mke aliyepewa mali nyingi na kumkataza mume asichukue chochote humo. Kuna simulizi mashuhuri, ingawa wanazuoni wamebishana juu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwamba Khalifa Umar alipotaka kuiwekea mahari kikomo, mwanamke mmoja alisimama akamkumbusha aya hii, naye Umar akaondoa amri yake. Tukiiacha kando simulizi hiyo, aya bado ipo. Mwenye kusimama mimbarini kuwataka mabinti wapunguze haki yao, na asitaje ukumbi wa hoteli hata mara moja, ameacha sehemu kubwa ya mafundisho haya.

Kisha kuna sheria ya nchi, ambayo wapangaji wa harusi hawaitaji kabisa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 3, inawaruhusu Waislamu wafuate sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Katika sheria ya Kiislamu kila mwanandoa hubaki na mali yake. Hakuna mfuko mmoja unaogawanywa nusu kwa nusu ndoa ikivunjika. Maana yake kwa mwanamke wa Garissa ambaye hana mshahara ni nzito: kile kinachojulikana kuwa ni chake, kwa maandishi na mashahidi, ndicho atakachoondoka nacho. Meher iliyotajwa kwa sauti ndani ya chumba kilichojaa wanaume, bila karatasi, itakumbukwa kwa namna tofauti na kila aliyekuwepo siku kesi itakapofika kwa kadhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za Kiislamu, zinazofungishwa na kadhi, shehe au imamu aliyeidhinishwa, zisajiliwe na ziwe na cheti. Watu wataandaa video ya saa nne na kusahau cheti. Bibi harusi anayepanga harusi ndogo ana nafasi ya kugeuza mpangilio huo: cheti kwanza, kiasi cha meher, kipi kinatangulizwa na kipi kinaahirishwa mpaka lini, ndipo yaje mengine.

Na hayo mengine yanaweza kuwa mazuri bila kuwa mengi. Zamani harusi zilifuata mvua, hasa Gu ya Aprili hadi Juni, wakati maziwa ni tele na watu wamekusanyika karibu na malisho. Sasa zinafuata likizo za walioko ng'ambo. Anayeweza kurudi kwenye kalenda ya mvua atapata maziwa ya ngamia kwa wingi na wageni ambao kweli ni jirani zake. Nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, inakaa miezi bila friji, na wanawake wa mtaa mmoja wanaweza kuitengeneza kidogokidogo kabla ya siku. Nikahi ifungwe asubuhi msikitini au nyumbani. Mchana watu wale. Alasiri wanawake wapate buraanbur, yale mashairi yao ya kuimba na kucheza, uani, ngoma ikipigwa na wenyewe. Jioni watu wamekwisha kwenda makwao. Dirac moja nzuri, ya rangi aipendayo, inatosha kwa siku hiyo. Shaash saar, ile siku wanawake wanapomfunga bibi harusi kitambaa cha mwanamke aliyeolewa, nisingeiondoa kwa gharama yoyote, kwa sababu haidai chochote zaidi ya kitambaa, uvumba na mikono ya wanawake wanaompenda. Ajabu ni kwamba katika harusi za hotelini sherehe hii ndiyo inayopitishwa haraka ili ratiba ya picha isichelewe.

Kuna mapingamizi yanayostahili jibu. La kwanza ni aibu. Harusi isiyo na vishindo inawatia watu shaka. Watauliza kama binti amekimbia masaafo, yaani ametoroka na mwanamume akafungishiwa ndoa mbali na walii wake, msimamizi wake wa ndoa, au kama kuna jambo linafichwa. Hofu hii si ya bure, kwa sababu ndoa kutangazwa ni sehemu ya heshima yake. Lakini kinachoondoa shaka ni kuonekana kwa walii, wazee wa pande mbili na mashahidi mchana kweupe, jambo ambalo ua wa nyumba unalitimiza vizuri kuliko ukumbi wenye mlinzi mlangoni. Mwaka 2020 Kenya nzima ilipata somo hili. Kwa sababu ya korona mikusanyiko ilizuiwa mwezi Machi, na Julai harusi zikaruhusiwa watu wasiozidi 100. Ndoa zilifungwa kwa masharti hayo, na hakuna anayezihesabu leo kuwa ndoa za siri.

La pili ni gumu zaidi. Harusi ni riziki ya wanawake: wapaka hina, wapishi, wauza maziwa, wauza vitambaa wa Soko Mugdi. Ukipunguza harusi unapunguza vyakula vya nyumba zao. Hili nalikubali kwa sehemu. Muuza dirac atauza chache. Hata hivyo mpishi wa nyirinyiri, muuza maziwa na mpaka hina wapo katika harusi ya nyumbani, pengine kwa nafasi kubwa kuliko hotelini ambako chakula kinatoka jikoni mwa mwenye hoteli. Tena wanawake hawa hawa ndio walio ndani ya hagbad, vile vyama vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo fedha zake humezwa na harusi za mabinti wao. Akina mama wanaosema mchango wa harusi ni msaada wanasema kweli, ila ni msaada unaolipwa: aliyechangiwa leo atachangia kesho, na kila harusi inayopanda kiwango inapandisha deni la mitaa yote. Bibi harusi mmoja akiomba achangiwe mbuzi jike, godoro au fedha ziingie kwenye akaunti yake, amewapunguzia mzigo hata wale watakaoolewa baada yake.

Wengine husema harusi si ya bibi harusi, ni ya mama yake, aliyezihudhuria harusi za watu miaka yote akisubiri zamu yake. Mama ana haki ya furaha hiyo, na binti anayemnyang'anya kwa jina la wepesi anamdhulumu. Ampe siku ile moja, amwachie orodha ya wageni wa kike na mpangilio wa uani, ila ukumbi na deni visiwepo.

Ugumu uliobaki ni kwamba posa hupangwa na wanaume. Adeer (ndugu wa baba) na abti (mjomba) hukaa na wageni, na msichana huletewa habari zikiwa zimekwisha kupikwa. Lakini walii hawezi kutaja kiasi ambacho hakukipeleka kwa binti mwenyewe, akiwa mwadilifu, na njia ya wanawake ipo siku zote: habaryar, dada wa mama, akimfikishia abti ujumbe kabla ya kikao, ujumbe utafika kikaoni. Uwe mfupi. Meher ni kiasi gani, sehemu ipi italetwa siku ya nikahi, na karatasi ataishika nani. Tarehe izungumzwe baada ya hapo. Na upande wa mume ukijibu kwamba ukumbi umekwisha lipiwa ila meher itasubiri, binti bado ana muda wa kuuliza kwa nini, na walii wake ana wajibu wa kumletea jibu.