Pale Moto Unaposhindwa na Maji

Katika milima ya Usambara, ambako maji ya miwa huachwa yachachuke hata yakawa boha, nayo boha ikakenekwa iwe gongo, hapana mpishi wa gongo asiyejua, ajapokuwa hakusoma kemia, kwamba spiriti huyatangulia maji kugeuka mvuke: kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 78, ilhali maji hungoja nyuzi 100 (hapa Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, vyote viwili huchemka mapema zaidi). Asilolijua aghalabu ni kwamba moto nao una kikomo. Keneka utakavyo, spiriti ikifikia asilimia 95.6 kwa uzani, mvuke upandao huchukua maji kwa kadiri ile ile iliyobaki chunguni, wala haisafiki tena asilani.

Kwa mnywaji maji hayo yaliyosalia si kitu. Kwa atakaye kuichanganya spiriti na petroli ni balaa, maana maji yakizidi hujitenga yakatuama chini ya tangi. Mwaka 1902, mwaka ule ule Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya kilimo kule Amani, mashariki ya milima hii, Mwingereza Sydney Young alionyesha jinsi ya kuyafukuza maji hayo kwa kutia benzini, dawa ambayo baadaye ilidhihirika kuwa yaleta saratani.

Na kumbe njia nyingine ilikwisha onekana zamani. Mapema katika karne ya 19 tabibu Mjerumani, Sömmerring, alitambua kuwa spiriti iliyofungwa katika kibofu cha ng'ombe, badala ya kufifia, huzidi ukali: maji hupenya ngozi yakakaukia nje, spiriti ikasalia ndani. Wenye viwanda walichelewa mno kulizingatia jambo hilo. Ni katika miaka ya 1980 tu ndipo kampuni ya GFT ya Ujerumani ilipoleta utando mwembamba wa plastiki ipendayo maji, ambao upande mmoja hugusana na spiriti ya moto, na upande wa pili hewa hufyonzwa kwa pampu, hata maji yakavutwa kupitia humo na kutoka hali ya mvuke. Nishati itumikayo ni ya kuyageuza mvuke hayo maji machache, wala si spiriti yote.

Lakini chungu hakijastaafu, kwani kuifikisha spiriti hapo karibu na asilimia 95 bado ni kazi ya moto. Wala mpishi wa gongo asitaraji wokovu: utando huondoa maji, na sumu ya gongo haimo katika maji.