"Progress" kwa mwanafunzi wa Nduta

Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015, kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilipoelemewa na wakimbizi kutoka Burundi. Watoto wake walisoma kwa mtaala wa Burundi, wenye Kirundi na Kifaransa, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi ya nchi yao tangu 2014. Jirani zao, Waha wa Kibondo, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Njia ni mbili, lakini neno "progress" huweza kuwakwaza wote mahali pamoja.

Mwanafunzi huandika "I have done many progresses". Si uvivu. Kifaransa husema "faire des progrès", kwa wingi na kwa kitenzi cha kufanya. Kiswahili nacho kina maendeleo, yenye upatanisho wa wingi: maendeleo yake ni mazuri, yanaonekana. Kokote anakotokea, anasukumwa kwenye wingi. Kiingereza hakikubali. Nomino hii haipokei "a" mbele wala "es" nyuma, na kitenzi chake ni "make": "She has made good progress in reading". Kiasi hutajwa kwa "much", "some" au "little", kamwe si "many".

Hapa mwalimu ana msaada ambao ningependa autumie zaidi. Kiswahili chenyewe hakihesabu maendeleo! Hakuna asemaye maendeleo matatu, kama tusivyohesabu maji ya mto mpaka tuyateke kwa ndoo. Aanzie hapo, na kanuni itaeleweka hata kabla ya istilahi ya sarufi.

Mkazo wa nomino haumsumbui mzungumzaji wa Kiswahili, maana uko kwenye silabi ya kwanza kati ya mbili, palepale Kiswahili kinapouweka. Kitenzi ndicho huuhamishia silabi ya pili. Kwa upande wa maana, bango la "Exam in progress" mlangoni halisifu mtihani. Linasema tu kwamba unaendelea.

Walimu wa Kibondo na Kasulu, msiliandike neno hili ubaoni peke yake. Andikeni "make progress in", kisha kila mwanafunzi ataje jambo moja alilopigia hatua muhula huu, kwa sentensi yake mwenyewe.