Kigari cha Umeme Kikiishiwa Nguvu, Usikimbilie Kutupa Betri

Vigari vya umeme si vitu vigeni tena kwetu Pwani. Viko kwenye viwanja vya gofu vya Nyali na Vipingo, viko kwenye hoteli za ufuoni vikibeba wageni na masanduku yao, na vikishachakaa huuzwa kwa bei nafuu vikaenda kubeba maji, magunia na vifaa vya ujenzi. Malalamiko ya wenye navyo ni yale yale: "Hakina nguvu. Tambarare kinakwenda, mlima kinakataa." Na jibu wanalopewa pia ni lile lile: "Betri zimekufa. Nunua seti mpya."

Jibu hilo huwa sahihi mara nyengine. Lakini mara nyingi hutolewa kabla mtu hajashika mita, na seti ya betri sita ni pesa ya kununulia ng'ombe wa maziwa. Juu ya hayo, betri zinazotolewa lazima ziende mahali, na sisi watu wa Mombasa tunajua mahali hapo panavyoweza kuwa. Kwa hivyo leo nataka tueleweshane jinsi ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Mfano nautoa mbali na bahari, Kipsongo, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Kitale. Nilikuwa huko kwa shughuli za arusi, na jirani ya nyumba niliyofikia palikuwa na fundi wa pikipiki aliyeletewa kigari cha gofu kilichostaafu. Mwenyewe alikuwa akibebea madumu ya maji na magunia ya mahindi. Kikipanda mlima kilikuwa kinachoka, kinatambaa, kisha kinasimama. Kikipumzishwa dakika kumi kinakwenda tena. Tayari alikuwa ameambiwa na watu wawili kwamba betri zote sita ni za kutupa.

Kwanza nieleze jambo moja linalowachanganya mafundi waliozoea mafuta. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli hupungukiwa nguvu huko kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haivuti hewa ili iungue, kwa hiyo mwinuko wenyewe si sababu. Kinachoiathiri betri ni baridi ya usiku, kwani betri baridi hutoa umeme kidogo kuliko betri yenye joto la wastani. Kwetu Pwani mambo ni kinyume: joto huipa betri uchangamfu leo, lakini hufupisha umri wake, na chumvi ya baharini hula vichwa vya betri na ncha za nyaya.

Njia ya umeme

Kigari cha volti 48 kwa kawaida kina betri sita za volti 8, au nne za volti 12. Zimeunganishwa moja nyuma ya nyengine kama watu waliopanga foleni kupitishiana ndoo. Umeme wote hupita katika kila betri na kila kiungo. Mmoja kwenye foleni akiwa mgonjwa, ndoo zinachelewa kwa wote, hata kama watano waliobaki ni wazima.

Kutoka kwenye betri, umeme hupita kwenye solenoidi, ile swichi kubwa inayolia "tak" ukikanyaga pedali. Kisha huingia kwenye kontrola, kisanduku kinachopima umeme wa kupeleka kwenye mota kulingana na ulivyokanyaga. Mwisho ni mota, na mota huzungusha magurudumu. Anayetafuta hitilafu hufuata njia hiyo hiyo, hatua kwa hatua.

Kabla ya kugusa chochote, vua pete, saa na mkufu. Zima ufunguo, na kama kigari kina swichi ya kukokotwa, iweke hapo. Usivute sigara karibu, kwa maana betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni inayoshika moto kwa cheche ndogo. Vaa miwani na uwe na maji safi karibu, kwani asidi ikiingia machoni hakuna mchezo.

Macho na mkono kwanza

Tazama kila kichwa cha betri. Unga mweupe au wa kijani ni kutu. Waya uliobadilika rangi au plastiki iliyolegea karibu na ncha ni dalili ya joto. Angalia pia upepo wa magurudumu, na ukisukuma kigari kwa mkono usikie kama breki zinashika. Breki inayoburuta hula umeme mchana kutwa, na betri ndiyo inayolaumiwa.

Funua vifuniko uangalie maji ya betri. Sahani za ndani zikionekana kavu, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi yazifunike tu, kisha chaji. Chaji ikishajaa ndipo uongeze hadi alama. Maji ya mfereji na ya kisima yana chumvi, usiyatie. Wala usiongeze asidi. Kinachopungua kwa uvukizi ni maji.

Pima ikiwa imetulia, kisha pima ikiwa kazini

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huchukua mita, hupima betri zikiwa zimekaa, wakaona namba nzuri wakasema betri ni nzima. Au huona namba ndogo wakasema zimekufa, kumbe hazijachajiwa.

Chaji mpaka mwisho, kisha ziache zitulie saa kadhaa. Betri ya volti 8 iliyojaa na kutulia husoma karibu 8.4 au 8.5. Seti nzima ya volti 48 husoma karibu 50 na zaidi kidogo. Kile kigari cha Kipsongo kilisoma 50.2. Kwa mtu wa haraka, hizo ni betri nzima. Betri tano zilisoma 8.4, moja ikasoma 8.2. Tofauti ndogo hiyo ndiyo iliyomfanya fundi aendelee.

Betri ni kama mzee aliyeketi kibarazani. Akiwa amekaa huwezi kujua magoti yake yakoje mpaka umwambie apande ngazi. Fundi alichukua nyaya ndefu zenye vibanio, akazifunga kwenye vichwa viwili vya betri moja, akarudisha kiti, akapanda kilima huku akisoma mita mkononi. Akashuka, akahamia betri ya pili, akapanda tena. Safari sita. Betri tano hazikushuka chini ya 7.7. Ile moja ilishuka hadi 5.4.

Betri ya volti 8 ina seli nne, kila seli volti 2. Inayopungukiwa na volti 2 hivi ikiwa kazini, ina seli moja iliyokufa. Mwenye haidromita anaweza kuthibitisha: seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo ndiyo mgonjwa.

Viungo navyo hula umeme

Jumla ya betri sita zikiwa mlimani ilikuwa karibu volti 43.9. Lakini mita ilipofungwa kwenye kontrola, ilisoma karibu 42. Zile volti 2 zilikwenda wapi? Zilibaki njiani. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyengine kwenye ncha ya waya uliofungwa juu yake. Kiungo kizuri husoma karibu sifuri. Kimoja kilisoma karibu volti 2 mzigo ulipokuwa mkubwa, na ukikigusa kilikuwa moto.

Hesabu yake ni nyepesi. Mota ikivuta ampea 150 mlimani, na kiungo kikala volti 2, basi wati 300 zinageuka kuwa joto mahali padogo kama kidole gumba. Umeme huo umelipiwa kwa tokeni, na hauzungushi gurudumu hata moja.

Kontrola nayo imetengenezwa kujilinda. Ikiona volti zimeshuka mno, hupunguza nguvu, kisha hukata. Ndiyo maana kigari kikipumzika, betri dhaifu hujikusanya kidogo, volti zikapanda, kikakubali kwenda tena. Watu husema kina majini. Hakina.

Dawa yake: fungua nyaya, safisha kutu kwa maji yaliyochanganywa bikabonati ya soda, ile ya kutilia keki, lakini usiyaache yaingie ndani ya betri. Suuza, kausha, sugua mpaka risasi ing'ae, kaza sawasawa bila kuvunja kichwa, kisha paka grisi juu. Waya ulioungua ndani ubadilishwe.

Betri na viungo vikiwa sawa

Ukikanyaga pedali na husikii "tak", tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya mbele na nyuma, na swichi ndogo chini ya pedali. Ukisikia "tak" lakini kigari hakiendi, weka mita kwenye vichwa viwili vikubwa vya solenoidi huku pedali imekanyagwa na magurudumu ya nyuma yameinuliwa juu ya jeki imara. Yapasa isome karibu sifuri. Ikisoma volti nyingi, sahani zake za ndani zimeungua, na solenoidi ni bei ndogo ukilinganisha na betri sita.

Kama volti zinafika vizuri kwenye kontrola lakini kigari kinatambaa hata tambarare, shuku kipimo cha pedali au kile kifaa kidogo kinachoisomea mota mwendo wake. Kontrola iwe ya mwisho kushukiwa, na asiyekuwa na ujuzi asiifungue, kwa maana huhifadhi umeme ndani hata betri zikifunguliwa.

Wenye tuktuk za umeme zenye betri za lithiamu, nanyi hatua za nyaya, breki na magurudumu zinawahusu. Lakini sanduku la betri lenyewe msilifungue. Lina kompyuta yake na hatari yake.

Chunguzeni pia chaji. Tokeni zikiisha saa nane za usiku, au umeme ukikatika, betri huamka nusu. Siku moja si neno. Wiki baada ya wiki, ukoko wa salfeti hugandama kwenye sahani na betri nzima huzeeka ikiwa changa.

Betri za kutupa huenda kwa nani?

Kigari cha Kipsongo kilipona kwa kusafishwa viungo, kubadilishwa waya mmoja na kupata betri moja iliyotumika yenye umri unaokaribiana na wenzake. Kutia moja mpya kabisa kati ya tano kuukuu hakufai, kwani zile kuukuu huirudisha nyuma. Betri tano zikaendelea na kazi.

Kila betri ya namna ile ina uzito wa karibu kilo 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi. Seti nzima ni zaidi ya kilo 80 za risasi. Kipsongo wapo wanaoishi kwa kuokota vyuma chakavu, wakiwemo watoto. Betri ikitupwa hapo, itapasuliwa kwa shoka, asidi itamwagwa uwanjani, na risasi itayeyushwa pale pale inapopikiwa.

Sisi hatuhitaji kusimuliwa. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwao, alipigana mpaka kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Waliougua hawakurejeshewa afya yao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Dini yetu inakataza israfu, na inakataza kumdhuru jirani. Kutupa betri nzima kwa sababu ya kiungo kimoja kichafu kunakusanya yote mawili. Fundi akikwambia ununue seti mpya, muulize kwa adabu: betri ipi imeshuka ikiwa kazini, na imeshuka hadi ngapi? Akikosa namba, tafuta mwenye mita. Na ile iliyokufa kweli, irudishe kwa muuzaji ikiwa nzima, haijapasuliwa, asidi yake ndani. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya.