Fahamu: Kipaimara ni nini?

Kipaimara ni ibada ya Kikristo ya kumwimarisha mtu aliyekwisha kubatizwa. Kuanzia Kiboriloni mjini Moshi hadi vijiji vya juu mlimani Kilimanjaro, Wakatoliki na Walutheri hutumia jina hilo hilo, lakini hawamaanishi jambo moja.

Kwa Wakatoliki

Ni moja ya sakramenti saba, na hupokelewa mara moja tu maishani. Kwa kawaida askofu humpaka mwamini krisma, mafuta matakatifu, katika paji la uso, huku msimamizi akiwa amemwekea mkono begani. Msingi unaotajwa ni Matendo ya Mitume sura ya 8, Petro na Yohane wanapowawekea mikono waamini wa Samaria.

Kwa Walutheri

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina sakramenti mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Kipaimara si mojawapo. Mapokeo yake yalifika mlimani na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walioanza kazi huko mwaka 1893. Kijana husoma mafundisho, yakiwemo ya Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya 1529, kisha huikiri imani mbele ya usharika na kukaribishwa Meza ya Bwana. Uzito wake uko hapo: aliyesemewa na wazazi siku ya ubatizo sasa anajisemea mwenyewe.

Komunyo je?

Wengi huichanganya na kipaimara. Mtoto wa Kikatoliki kwa kawaida hupata Komunyo ya Kwanza kabla ya kipaimara.

Na sherehe?

Ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), keki na ukumbi ni desturi za familia. Kipaimara hukamilika kanisani bila hivyo.